Tretinoini, retinoli, adapalini: ya makunyanzi ni ipi?

Siku hizi nikikaa na mashosti zangu stori haipiti robo saa bila kufika kwenye makunyanzi, kona za macho, paji la uso, ile mistari ya pembeni ya mdomo, na kila mtu ana tyubu kwenye pochi anaiita "retinoli" hata kama ndani hamna retinoli hata tone. Mi msimamo wangu naweka wazi mapema: tretinoini ya asilimia 0.025, taratibu, na wala usikimbilie ile kali.

Zote ni ukoo wa vitamini A. Tofauti ni kwamba tretinoini ngozi inaitumia moja kwa moja, ila retinoli lazima ngozi iibadilishe kwanza iwe retinaldehidi halafu ndo iwe asidi ya retinoiki, ambayo ndo tretinoini yenyewe, na njiani humo nyingi inapotea. Retinili palmitati, ile unayoikuta kwenye losheni za bei chee, ina safari ndefu zaidi, kwa makunyanzi mi hata siihesabu. Retinoli inafanya kazi jamani, sikatai, ila polepole na kwa upole, na ukinunua angalia chupa isiwe ya kuonyesha ndani maana mwanga na hewa vinaiua.

Tretinoini ilianza kama dawa ya chunusi kule Marekani mwaka 1971, nyuma yake alikuwa daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baadae ikaonekana inalainisha na mistari midogo, mpaka 1995 Renova, krimu ya tretinoini, ikapitishwa rasmi kwa kazi hiyo. Inachofanya ni kuzuia kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, isivunjike ovyo na kuisukuma ngozi itengeneze nyingine. Mwaka huohuo wa 1995 ukatoka utafiti uliolinganisha tretinoini ya asilimia 0.1 na ya 0.025 kwa wiki 48, matokeo yakawa karibu sawasawa, ila wa 0.1 ndo walioungua na kuchubuka zaidi. Sasa sisi wenye ngozi nyeusi kuungua sio kuwashwa ukapona ukasahau, linabaki doa miezi, kwa hiyo hiyo kali unainunua ya nini?

Tazaroteni, ndugu mwingine wa ukoo huohuo, nayo ina nguvu kwelikweli, ila inachoma, hiyo muachie dokta wa ngozi aamue. Adapalini ni mpole, haisumbuliwi na mwanga, ushahidi wake mkubwa uko kwenye chunusi, kwa makunyanzi upo ila mdogo. Mwenye vyote viwili, chunusi na mistari, mi ningemwambia aanze nayo.

Halafu kuna hizi tyubu za kuchanganya, za madukani kariakoo zile, mtu anakuambia "hii ina tretinoini" na kweli inayo, ila imo pamoja na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, na steroidi. Huo ni mkorogo tu uliovalishwa boksi la famasi! Steroidi inafanya ngozi iwe nyembamba, yaani kinyume kabisa na unachotafuta. Soma nyuma, ukiona mometasoni, betamethasoni au klobetasoli, hizo ndo steroidi zenyewe, rudisha kwenye shelfu.

Kupaka: usiku, uso ukauke kabisa kwanza, kiasi cha punje ya njegere uso mzima, mara mbili kwa wiki mpaka ngozi izoee, losheni chini na juu kama unakauka, kope na kona za mdomo ruka. Asubuhi sanskrini, yaani krimu ya kuzuia jua, bila hiyo unajenga huku unabomoa kule. Wiki za mwanzo utabanduka kidogo, mabadiliko ya mistari tegemea baada ya miezi mitatu mpaka sita, na ile mikunjo mirefu ya kucheka haifutiki kwa krimu yoyote.

Mwenye mimba au anayetafuta mtoto, ukoo huu wote weka pembeni, badala yake muulize dokta kuhusu asidi ya azelaiki.