Kumbukumbu ya mradi: skafu ya shifu kutoka karatasi tatu

Lengo: skafu moja, upana sm 30, urefu sm 160, mtande (nyuzi za urefu) wa pamba na mshindio (uzi unaopita kwa upana) wa karatasi ya Kijapani. Nguo ya namna hii huitwa shifu. Ikiwa na mtande wa pamba ni menjifu, wa hariri ni kinujifu, wa katani ni asajifu. Na iliyofumwa kwa karatasi tupu, mtande na mshindio, ni morojifu. Tumeanza na menjifu kwa sababu mtande ndio unaovutwa muda wote kwenye kitanda cha kufumia. Pamba inastahimili mvuto huo, lakini uzi wa karatasi uliosokotwa na mkono mgeni unakatika kabla kazi haijafika nusu.

Hesabu

Mishindio 8 kwa kila sentimita, mara sm 160, ni mishindio 1,280. Kila mmoja unakula kama sm 33, maana haulali umenyooka kabisa. Jumla ni m 422 za uzi wa karatasi.

Karatasi moja ya sm 60 kwa 90 ikichanwa kwa upana wa mm 3 inatoa chane (vipande vyembamba) 300 zenye urefu wa sm 60, yaani m 180. Karatasi tatu ni m 540. Ziada ya zaidi ya mita mia inaonekana kubwa, lakini majaribio na vipande vinavyoharibika huila haraka.

Uzito wa karatasi ni g 20 kwa mita ya mraba. Mita moja ya chane ya mm 3 basi ina g 0.06, karibu m 16,700 kwa kilo. Uzi wa pamba namba 20/2 una kama m 16,900 kwa kilo. Ndiyo sababu tumeuchagua kwa mtande: nyuzi hizi mbili zinakaribiana uzito, na kitambaa kinatoka sawia, hakuna upande unaoumeza mwingine. Mtande: nyuzi 10 kwa sm, jumla 300, kila mmoja m 2.5.

Karatasi gani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hata ya kuanza. Karatasi lazima iwe ya kozo, mti wa ukoo mmoja na mforsadi, mfenesi na mtini. Nyuzinyuzi za gome lake la ndani zina urefu wa karibu sm 1. Za miti inayotengenezewa karatasi ya kawaida ni mm 1 hadi 3 tu, tena karatasi ya ofisini imejazwa chaki. Ukiilowesha na kuisugua inakuwa uji. Wasomaji wa Uganda watakumbuka lubugo, nguo ya gome la mutuba, ambao nao ni wa ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba lubugo hupondwa mpaka gome litanuke likiwa kipande kizima, wakati kozo huchemshwa, hupondwa mpaka nyuzinyuzi ziachane, kisha huundwa upya kuwa karatasi.

Jambo la pili ni mwelekeo. Mtengeneza karatasi hutia majini ute wa mzizi wa tororo-aoi, mmea ndugu wa bamia, na ute wake ni uleule wa mlenda. Ute huo unayachelewesha maji kuchuja, hivyo chekecheo la kuundia karatasi linaweza kutikiswa mbele na nyuma mara nyingi, na nyuzinyuzi nyingi zikalala upande mmoja. Chane zikatwe kufuata upande huo. Kuujua ni rahisi: chana pembe ya karatasi kwa mkono kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio wenyewe. Unaokwenda kombo na kuacha manyoya marefu ndio unaokata nyuzinyuzi, na chane zake zitakatika zote.

Karatasi iliyopakwa gundi ya kuzuia wino kusambaa haifai, kwa sababu hainywi maji sawasawa.

Kukunja na kukata

Laza karatasi ili mwelekeo wa nyuzinyuzi uwe kutoka kwako kwenda mbele. Kunja katikati, kingo zote mbili ziwe mbele, mkunjo uwe upande wako. Sasa inua mkunjo huo uupeleke mbele mpaka ubakie sm 2.5 kabla ya kufika kwenye kingo. Una matabaka manne, na mbele yake ukanda wa matabaka mawili peke yake. Ukanda huo ndio utakaozishika chane zisisambaratike.

Rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya, ubao wa kukatia. Anza kukata nje ya mkunjo ulio upande wako, pita juu ya mkunjo wa ndani, usimame sm 1.5 kabla ya ukingo. Usipoupita mkunjo wa ndani, chane zitabaki zimeungana katikati, na utaligundua hilo umekwisha kuchelewa. Wembe tulibadilisha kila baada ya mikato mia hivi. Wembe butu haukati, unavuta, na pale unapovuta chane inabaki na jeraha dogo pembeni ambalo litafunguka wakati wa kusokota.

Upana usiwe wa kubahatisha. Wasuka ukili wa pwani wanalijua hili kwa miyaa: chane moja pana kuliko mwenzake inaonekana mpaka mkeka unapozeeka.

Unyevu: karatasi ya 1, ya 2 na ya 3

Karatasi ya kwanza ilifunuliwa, ikalazwa kati ya taulo mbili zilizoloweshwa na kukamuliwa, ikafunikwa plastiki kwa saa mbili. Haikutosha. Ilipoviringishwa ilitoa mlio mkavu wa majani, chane zikajikunja kisha zikafunguka tena bapa, na 40 kati ya 300 zikakatika palepale zinapoungana na ukanda.

Ya pili ilikaa usiku kucha, saa 12, lakini taulo zilikuwa na maji mengi. Chane zikagandana kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Kuzitenganisha ni kuzirarua.

Ya tatu ilikaa saa 12 pia, kwenye taulo zilizokamuliwa mpaka hazidondoshi hata tone. Hii ndiyo iliyokubali. Kipimo tunachokiamini sasa ni cha mwili: weka karatasi shavuni, iwe ya baridi. Ibonye kwa kidole gumba, kidole kisitoke kinang'aa maji. Tikisa, isilie. Tulinunua karatasi mbili nyingine na kuzifanya vivyo hivyo, kwa hiyo hesabu ya karatasi tatu imekuwa tano.

Katika joto la pwani usiiache kwenye unyevu zaidi ya siku moja. Ukungu unaanza kwa madoa ya kijivu, na pale penye doa uzi hauna nguvu tena. Ikibidi kusubiri, iweke kwenye friji ndani ya mfuko.

Kuviringisha juu ya jiwe

Wajapani hutumia jiwe lenye mkwaruzo mdogo. Tofali la zege lililosuguliwa kwa msasa mpaka libaki na chembechembe nyororo linafanya kazi hiyo. Kigae chenye kung'aa hakifai: chane zinateleza, hazizunguki.

Laza chane kwa upana mbele yako, kanda mbili za ukingo zikiwa kushoto na kulia, nje ya jiwe. Viganja wazi, sukuma mbele na kurudi nyuma kama anayesukuma mkate wa mofa, bila kukandamiza. Baada ya misukumo kumi hivi inua zote kwa kushika kanda mbili, tikisa, uzipeperushe ziachane, ulaze tena. Mzunguko wa pili ongeza uzito kidogo. Kufikia wa tano au wa sita chane si bapa tena, kila moja imekuwa kijiti chembamba cha mviringo. Ukikandamiza mwanzoni kabisa, zinasokotana kuwa kamba moja nene, na hakuna dawa yake. Zikikauka katikati ya kazi, nyunyiza maji hewani juu yake, usiyamwage juu yake.

Kuchana kanda

Hatua hii ni nzuri mno, na ndiyo inayogeuza karatasi kuwa uzi mmoja. Kwenye ukanda wa kushoto, chana hadi nje kati ya chane ya 1 na ya 2. Nenda kulia, chana kati ya 2 na 3. Rudi kushoto, kati ya 3 na 4. Ukiendelea hivyo, chane 300 zinabaki zimeunganika kwa kwenda na kurudi, m 180 bila fundo hata moja lililofungwa.

Kila kiungo kina kipande kidogo cha ukanda, sm 1.5 kwa mm 6. Kisokote kati ya kidole gumba na cha shahada kikiwa kibichi, kilale kuelekea kwenye uzi. Kinaacha kivimbe kidogo kama punje ya mtama. Usijaribu kuvifuta vivimbe hivyo: vikitawanyika kwenye kitambaa ndivyo vinavyoonyesha kuwa ni shifu. Kibaya ni kivimbe kilichokauka kabla ya kusokotwa, maana kinafunguka kama bawa na kukwama kwenye chanuo la kitanda, lile lenye meno yanayotenganisha nyuzi za mtande.

Kusokota

Aliyezoea pamba atapaswa kuizuia mikono yake. Pamba huvutwa ili ipate wembamba, lakini chane haivutwi, wembamba wake uliamuliwa na kisu. Gurudumu la kusokotea linaongeza msokoto tu. Uzi ulale ndani ya beseni chini ya kitambaa chenye unyevu, utoke wenyewe kwa mpangilio ulioingia. Kwa mshindio huu tumetumia mizunguko 3 hadi 4 kwa sm. Kasi ya gurudumu iwe ndogo na mvuto wa bobini, kigae cha kuviringia uzi, uwe hafifu kabisa. Ukichelewa kuuachia uzi, unajikunja vitanzi, na kitanzi cha karatasi kikivutwa hakifunguki, kinavunjika.

Ukikatika, weka ncha mbili sambamba kwa sm 3, zilainishe kwa kidole chenye maji, sokota pamoja.

Bobini zilizojaa ziliwekwa kwenye mvuke wa maji yanayochemka kwa dakika 15, zikakauka siku nzima kivulini. Msokoto ukatulia.

Kufuma

Mshindio mkavu unaruka kama waya, haukai mahali pake. Bobini ilale ndani ya kitambaa kibichi nusu saa kabla ya kutumika. Kwa kuwa karatasi haivutiki kama sufu, pitisha kila mshindio kwa mlazo wa kupanda, pembe ya kama digrii 30, ndipo uugonge. Sentimita 20 za kwanza zilipitishwa zikiwa zimenyooka, na upana ukaingia ndani kutoka sm 30 hadi 27.5, nyuzi mbili za pembeni zikakatika kwa msuguano. Baada ya kuulegeza mshindio upana ulisimama kwenye 29.

Usizungushe kitambaa kibichi kwenye mti wa kitanda unaokunjiwa nguo iliyofumwa. Kila tuliposimamisha kazi tulikiacha wazi kikauke kwanza.

Ilipofikia

Sm 110 zimefumwa. Kipande cha majaribio cha sm 10 kilifuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, kikakamuliwa kwa kubonyezwa, bila kusongwa. Kilitoka chepesi na chenye hewa, kigumu kidogo mkononi, na kililainika baada ya kufikichwa kikiwa kinakaribia kukauka. Uzi haukufunguka.

Shiroishi, mji wa ngome ya ukoo wa Katakura katika mkoa wa sasa wa Miyagi, ulijulikana kwa shifu zama za Edo (1603–1868). Vijijini watu walisokota pia karatasi za daftari kuukuu za hesabu, na wino wa maandishi ukabaki kwenye nguo kama madoadoa meusi. Fungu lijalo tutalijaribu hilo: karatasi moja ya kozo iandikwe kwa wino wa masizi, ikauke kabisa, kisha ichanwe kwa mm 2. Hiyo ni chane 450, m 270. Wembe utabadilishwa kila mikato hamsini.