Sabufa ilininyima usingizi, kumbe mchawi ni waya wa njano

Nina kibanda cha gemu Mbagala. PS2 Slim mbili, pedi za kuungaunga, na madogo ambao wakifungwa bao wanavuta kebo. Ndivyo tundu la AV, lile la kutolea picha na sauti, la mashine moja lilivyolegea mpaka likafa. Nikasema tundu la nini, nalehemu waya moja kwa moja kwenye bodi: njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, na ethi moja ya wote, yaani waya wa kurudishia umeme. Pini ziko 12, zimebanana kama abiria wa daladala asubuhi.

Picha ikaja safi. Sabufa ikanguruma kama mashine ya kusaga.

Fundi mmoja akaniambia, “Kaka, hapo IC, ile chipu ya sauti, imekufa.” Alitaka kama 40,000 hivi. Sasa IC ikifa, mtangazaji wa mpira namsikiaje? Mwingine akasema weka kapasita, kile kidude kidogo cha kutunza chaji, kati ya sauti na ethi, itameza mngurumo. Huyo nikamwamini, na kapasita nikaenda kununua Kariakoo kwa nauli iliyozidi bei yake. Mtangazaji akawa kama anaongea ndani ya blanketi, mngurumo uko palepale! Kapasita ile inamwaga sauti nyembamba kwenye ethi, nzito inaziacha zipite. Yaani nilichuja chai nikanywa majani.

Nikahisi labda ni umeme wa ukutani. Nikaitoa sabufa, nikachomeka redio ndogo ya betri yenye tundu la AUX. Bado inanguruma.

Aliyeniokoa ni dogo wa darasa la tano. Anacheza gari, akanigeukia: “Bro, mbona tukifika kwenye theluji ndiyo inazidi?” Nikasogea. Kweli, kwenye theluji skrini nzima nyeupe, redio inapiga kelele. Wakiingia handakini, inanong’ona. Nikauchomoa ule wa njano kwenye TV na kuutenga pembeni. Picha imepotea, madogo wanazomea, lakini mngurumo umeshuka mpaka unautafuta. Picha ilikuwa inavujia kwenye sauti, maana waya zote nilizisokota pamoja nikazifunga nailoni vizuri, nikajisifu kwa usafi, halafu zikachangia ethi moja nyembamba kama unywele.

Nikachinja kebo ya maiki iliyokufa, ile yenye wavu wa shaba. Sauti ikapita ndani, wavu nikaulehemu kwenye ethi upande wa bodi tu, ethi ya sauti ikawa na njia yake, waya wa picha nikauzungushia upande wa pili. Kapasita nikaing’oa kwa hasira. Sabufa ikarudi, kimya, mpaka unasikia feni ya mashine.

Ila mweupe na mwekundu nimezigeuza. Gari likipita kulia, linavuma kushoto. Mpaka leo hakuna mteja aliyeuliza, na mimi ile mashine siifungui tena.