Beseni la Siku ya Nane

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipewa kazi ya kupima namna miche ya mpunga inavyohimili chumvi. Niliotesha mbegu za aina mbili: IR29, ambayo hufa upesi, na Pokkali, mpunga wa mashamba ya mwambao wa Kerala, India, unaosifika kwa kustahimili maji ya chumvi. Miche ilielea juu ya vibao vya povu katika mabeseni ya lita 8, mizizi ikining'inia ndani ya maji ya virutubisho, nami nikatia chumvi kwa awamu mbili hadi ikafika gramu 5.84 kwa lita, takribani sehemu moja ya sita ya chumvi ya bahari.

Siku ya nane niliikuta IR29 imekauka yote, nikaiandikia alama 9, yaani imekufa au i mahututi, hilo nililitarajia. Kilichonishtua ni Pokkali. Majani yake ya chini, ambayo mmea huyafanya jalala la sodiamu ili majani machanga yasalimike, yalikuwa meupe na yamejisokota kama nyuzi, na hata jani changa kabisa lilikuwa limeanza kunyauka nchani. Nilishuku kwamba mbegu zilichanganywa, na nusura niandike hivyo daftarini.

Fundi wa maabara, mzee ambaye wanafunzi wote tulimwita Babu, alilitazama beseni kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, maji yakipungua huwa unajazia nini?"

"Maji yale yale ya chumvi, Babu, ili kipimo kisibadilike."

Hakujibu. Alichukua kipima chumvi akakitumbukiza. Kifaa hicho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na chumvi ikizidi namba hupanda; badala ya 12, namba ya kiwango nilichokusudia, kikasoma karibu 16. Majani huvuta maji na kuyatoa hewani, na joto la dirishani huyapunguza zaidi, lakini sehemu kubwa ya chumvi hubaki beseni­ni, nami kila asubuhi nilikuwa nikiongeza nusu lita nyingine ya maji ya chumvi.

Aibu ilinizidi kwa sababu nimekulia Lindi, mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, nikiona kila kiangazi maji ya bahari yakiachwa juani mpaka yafanye ukoko mweupe. Nilianza upya, safari hii nikiwa nimechora mstari ubavuni mwa kila beseni na kujazia hadi hapo maji yasiyo na chumvi.

Jioni moja nilimpigia baba simu nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tumevuna magunia mangapi.