Donge gumu kando ya kovu la kujifungulia: likatwe lini, pengo lifungwe vipi

Mama akipata donge gumu mfano wa embe bichi kando ya kovu la upasuaji wa uzazi, mtaani Kondele, Kisumu, jibu huwa tayari: ngiri. Mlaze chali. Ngiri mara nyingi hurudi ndani ukiisukuma, na huruka akikohoa. Sasa ainue kichwa bila kujishikilia. Donge lililo ndani ya tumbo hupotea kidoleni. Lililo kwenye ukuta wa misuli hubaki, tena hukaza na halisogei. Likiuma kila mwezi pamoja na hedhi, fikiria kwanza tishu za mji wa mimba zilizojipandikiza kwenye kovu. Kama halifuati hedhi na linazidi kukua, desmoidi nayo ichunguzwe.

Desmoidi hutokana na seli za kutengeneza kovu zilizokataa kusimama. Haisambai hadi mapafuni wala kwenye ini, ila hutambaa kati ya nyuzi za msuli kama sangari shambani. Ndiyo maana kulikongoa donge hilo kwa ganzi ya sehemu kama uvimbe wa mafuta ni kosa kubwa: linaonekana limetoka lote, kumbe mizizi imebaki. Kwanza ni kipimo cha sindano nene, geji 14 au 16, vipande kadhaa. Sindano nyembamba ya kufyonza seli haitoshi. Omba maabara ipime protini ya beta-katenini kwenye kiini cha seli. Mabadiliko ya jeni ya protini hiyo, CTNNB1, yasipoonekana, au kama ukoo una saratani ya utumbo mpana, utumbo huo uchunguzwe kwa kamera.

Hata jibu likithibitika, kisu si cha kwanza. Miongozo ya kimataifa ya 2020 inaanza na kufuatilia: MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya pili baada ya mwezi 1 au 2, kisha kila miezi 3 hadi 6. Mengine husinyaa yenyewe. Likiendelea kukua au maumivu yakizidi, hapo ukuta wa tumbo ndio mahali ambapo upasuaji una nafasi nzuri kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili.

Zamani ilikuwa lazima kuondoa sentimita 2 hadi 3 za nyama nzima kila upande. Siku hizi lengo ni ukingo safi bila kuharibu kazi ya misuli, na darubini ikionyesha seli chache ukingoni, usikimbilie kumrudisha mgonjwa thieta.

Kazi ngumu ni kufunga. Donge la sentimita 5 likikatwa na sentimita 2 kila upande, pengo ni sentimita 9. Wavu wa kuziba pengo hilo unatakiwa upite ukingo wa pengo kwa sentimita 5 hivi pande zote, yaani sentimita 19. Ule wa 15 kwa 15 hautoshi. Agiza wa 30 kwa 30 mapema, mgonjwa asije akalazwa mezani ndipo watu waanze kuutafuta. Wavu wa polipropilini usigusane na matumbo, maana hushikamana nayo na unaweza kuyatoboa. Utando wa ndani ukiwa umeondolewa pamoja na donge, weka wavu wenye sura mbili, ule ambao upande wa ndani haushikamani na matumbo, au tandaza pazia la mafuta lililo ndani ya tumbo katikati ya wavu na matumbo. Ukilazimisha kingo zikutane kwa nguvu, nyuzi hukata nyama, na tumbo lililobanwa hukisukuma juu kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mgonjwa akashindwa kupumua vizuri. Afadhali kutenganisha tabaka za misuli ya ubavuni ili zisogee katikati.

Mrija wa kutoa maji hukaa hadi yashuke chini ya mililita 30 kwa siku. Maji kidogo yakibaki chini ya ngozi, yaache. Kuyachoma sindano kila wiki ni kupeleka wadudu kwenye wavu.

Dawa zipo kwa donge lisilokatika: sorafenibu, au methotrexate na vinblastine kwa dozi ndogo. Dawa nyingine, nirogacestat, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, lakini huathiri ovari, jambo zito kwa wagonjwa ambao wengi wao ni akina mama vijana.

Nawe mgonjwa ukiandikiwa rufaa, iwe hospitali ya Jaramogi, Kisumu (Russia, kwa wengi), ile ya Nakuru iliyokuwa ikiitwa PGH, au Moi Eldoret, beba picha zenyewe za MRI pamoja na karatasi ya maabara. Baada ya kukatwa, mtungi wa lita 20 uusahau kwa wiki 6 hivi. Na ukipapasa kovu ukakuta ukingo mgumu, huenda ni wavu tu: MRI ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji ndiyo ya kulinganishia zote zitakazofuata.