C4 pale Mkunguni

Jana nimecheza gemu ya sataranji (chess) ambayo mpaka sasa haijanitoka kichwani, raundi ya mwisho ya mashindano yetu madogo hapa Lamu, dakika 25 kila mtu, meza tumeiweka pale Mkunguni mbele ya ngome na wazee wa bao wako hatua chache tu pembeni. Nina nyeupe. Nikasogeza askari wa c hatua mbili, akakaa c4 (herufi ni mstari wa ubao, namba ni safu yake). Mzee mmoja akaacha kete zake akaja na kikombe chake cha kahawa, akatazama, akaniambia, "Mwanangu, mbona wapitia uchochoroni na njia kuu i wazi?"

Wengi wanaona hivyo, eti kuanzia pembeni ni woga. Si woga jamani. Katikati ya ubao unaipigania vilevile ila kwa mbali, askofu anakaa g2 anamulika mshazari mzima mpaka b7, na yeyote atakayesimama katikati amekaa njiani mwake. Richard Réti, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zamani, alianza kwa farasi f3 kisha c4, New York 1924, akamfunga Capablanca, bingwa wa dunia, ambaye alikuwa hajafungwa kwa miaka minane!

Mpinzani wangu, kijana kutoka Malindi, alijibu e5, tukaingiza mchezoni farasi wote wanne, nikaweka g3, akasukuma d5, nikala, akala na farasi, nikamtia askofu g2. Hapo farasi wake kwa kawaida hurudi b6. Hakurudi, alitoa askofu e7 haraka haraka, na mimi mkono ukaanza kutetemeka maana hii njia nimeirudia nyumbani mara nyingi sana, hata stima ikikatika naangalia ubao kwa tochi ya simu. Farasi wangu akala askari wake wa e5. Akala farasi wangu wa c3, nikala farasi wake wa c6 kwa askofu, tena nikimtishia mfalme wake (shaha), akarudisha kwa askari wa b, nikala c3, malkia wetu wakalana wakatoka, mfalme wangu akabaki d1. Faida yote hiyo ni askari mmoja tu.

Na yeye ana maaskofu wawili, alinisumbua sana wallahi, saa yangu ikabaki dakika mbili kabla askari wa e hajapata njia. Alipofika e7 kijana akanyoosha mkono kukubali kushindwa.

Hatukuinuka. Tulipanga kete upya, safari hii farasi wake tukamrudisha b6, na yule mzee bado amesimama, kahawa imeshapoa mkononi.