Siku moja maishani mwangu: kazi yangu ni kuzamisha tezi ya meli

Saa 9 usiku. Mwenzangu wa zamu ananigusa bega. Navaa buti na kushuka chumba cha farumi, yaani maji ya kuipa meli uzito. Leo tuna mazoezi ya kuteremsha askari, na mimi ndiye nitakayeizamisha meli. Si yote, tezi tu, yaani sehemu yake ya nyuma.

Wengi wakiiona meli yetu huuliza mizinga iko wapi. Nguvu yake imo tumboni: askari mia kadhaa, vifaru, malori, na huko nyuma ukumbi mrefu uliobeba boti za kutua ufukweni. Bandari ikivunjika au ikiwa mikononi mwa adui, sisi tumekuja na gati letu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, meli za namna hii zilifikisha maji na chakula Aceh, Indonesia, ambako barabara ya pwani ilikuwa imesombwa. Hilo silisahau nikiwa kazini.

Saa 10 na nusu. Amri imetoka. Nafungua vali, bahari inaingia kwenye matangi ya nyuma, na sakafu inaanza kuinama chini ya miguu yangu. Macho hayabanduki kwenye vipimo. Kulia na kushoto lazima vijae sawia. Upande mmoja ukitangulia, meli inalala na boti zinabamiza kuta.

"Kina?" simu inauliza.

"Mita mbili na nusu kizingitini, afande."

Mlango wa tezi unateremka, maji yanajaa ukumbini, na mbao zilizofunika kuta zinalia boti inapoanza kuelea. Mlio huo naupenda sana.

Saa 11 boti ya kwanza inatoka na vifaru, mwendo wa pole, kama kilomita 20 kwa saa. Hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya mto wa hewa, inafuata, hiyo hupita kilomita 70 na kupanda mpaka mchangani.

Saa 2 chai, nikiwa nimesimama.

Saa 5 ndiyo ngumu. Maji yanakupwa, na boti ikichelewa itakwama ufukweni hadi yajae tena. Inarudi wakati mawimbi yamekwisha kuingia ukumbini. Nahodha anageuza kidogo omo, yaani mbele ya meli, mimi napunguza kina, tunasubiri. Jaribio la tatu, imeingia. Nashusha pumzi.

Saa 8 nasukuma maji nje ya matangi kwa hewa ya mgandamizo. Tezi inainuka, mlango unafungwa.

Jioni tunaosha ukumbi kwa maji yasiyo ya bahari, chumvi isile chuma. Kwenye pembe za sakafu umebaki mchanga wa ufukweni, bado umelowa.