Nilivyochagua skii na mabuti ya safari za milimani kusikochongwa njia

Nilianza na buti; skii, yaani ubao mrefu wa kutelezea kwenye theluji, ikafuata. Wauzaji wengi huenda kinyume: wanakuonyesha skii kwanza, na buti linakuja mwishoni kama nyongeza. Lakini katika skii ya namna hii, ya kusafiri kwenye theluji ambayo mashine hazijaichonga njia, kisigino hakifungwi hata unapoteremka. Kinachounganisha mguu na skii ni ncha ya buti tu, na unapotaka kuilaza skii ubavu ili ukingo uume theluji, nguvu yote inapita kwenye soli. Soli ikijipinda kama kamba, skii inabaki imelala huku kisigino kikichepuka pembeni.

Kwa hiyo upana wa skii unategemea buti. Skii yenye milimita 62 kiunoni, yaani sehemu nyembamba chini ya mguu, ina ukingo ulio milimita 31 kutoka katikati. Ile ya milimita 78 ina 39. Buti linafanyiwa ukinzani mkubwa zaidi kwa karibu robo, na kwenye theluji iliyoganda utausikia kwenye kifundo cha mguu. Buti la ngozi lenye shingo ya wastani linatosha kwa skii ya 55 hadi 65. Ukivuka 70, tafuta buti refu lenye soli ngumu, na hapo ujue unaongeza uzito utakaounyanyua kwa kila hatua.

Kipimo ninachokiamini ni cha mikono miwili. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine. Likunje buti: likubali kwa urahisi pale vidole vinapokunjika. Kisha lisokote kama unavyokamua nguo: likatae. Linalokunjika vizuri na kusokoteka vizuri ni la njia zilizochongwa. Lisilokunjika kabisa litakuchosha kwenye tambarare.

Lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukivaa soksi zile zile za safari. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja. Funga kamba, piga goti mpaka kisigino chako kiwe juu, kisha ukae hivyo dakika kadhaa. Hapa ndipo mabuti mengi yanashindwa: mkunjo wa ngozi unaangukia juu ya kiungo cha dole gumba. Ngozi hulainika kwa matumizi, lakini mkunjo hauhami, kwa hiyo ukiuma dukani usilichukue. Kwa safari za kulala hemani napendelea buti lenye bitana inayotoka, kwa sababu bitana unaweza kulala nayo kwenye begi la kulalia ikauka, ilhali buti zima likilowa usiku wa baridi litakuwa jiwe asubuhi.

Vishikio, yaani vifaa vinavyofunga buti kwenye skii, viko vya aina tatu kuu, na kila kimoja kinadai buti lake. Cha kale ni cha milimita 75 (upana wa mdomo wa soli), chenye pini tatu zinazoingia kwenye matundu chini ya mdomo wa soli. Ukoo wake unarudi kwa Bror With wa Norway na kishikio chake cha Rottefella cha mwaka 1927. Kinatengenezeka porini, na unaweza kuongeza kebo inayozunguka kisigino. Udhaifu wake ni matundu ya soli: theluji ikiganda humo pini haziingii sawasawa, ukikanyaga kwa nguvu unayapanua, na baada ya hapo buti linacheza. Safisha kila mara kabla ya kufunga. Cha pili ni NNN BC (New Nordic Norm, toleo la porini), ambamo kijiti cha chuma chini ya ncha ya buti kinanaswa na kishikio. Hatua yake ni nyepesi na ya asili. Usikichanganye na NNN ya kawaida. Kijiti cha BC ni kinene na kirefu zaidi, kwa hiyo mabuti yake hayaingiliani na vishikio vya kawaida. Adui yake ni barafu ndani ya taya. Utaichokoa kwa ncha ya fimbo. Cha tatu ni Xplore, ambacho huungana na ncha ya buti kwa pini za pande mbili. Kinashika kwa uthabiti zaidi dhidi ya kusokoteka na kina vizuizi vya mpira vya kubadilisha, laini au vigumu.

Mimi nilichagua NNN BC na skii ya 62, kwa kuwa safari zangu ni tambarare ndefu zenye vilima, mizigo mgongoni. Anayevuta sleji au kwenda mbali na msaada angefanya vema kubaki na 75.

Sasa skii yenyewe. Urefu unaoandikwa kwenye majedwali mengi unatokana na uzito, si kimo, na uzito huo ni wako pamoja na mkoba. Kinachoamua ni upinde: ule mwinuko wa katikati. Ukisimama kwa miguu yote miwili unatakiwa ubaki na nafasi ili skii iteleze. Ukihamishia uzito wote kwenye skii moja ushuke, sehemu ya kukamatia, iliyo chini ya upinde huo, iguse theluji na kukusukuma mbele.

Pima kwa karatasi kwenye sakafu ngumu iliyonyooka, mkoba uliojaa ukiwa mgongoni. Simama sawasawa juu ya skii zote mbili, mtu aipitishe karatasi chini ya mguu wako na kuisogeza mbele. Ipite bila kukwama. Simama kwa mguu mmoja: ibanwe kabisa. Ikikwama mapema, skii ni laini mno. Itaburuza na kula nta inayopakwa chini ili skii ikamate theluji. Isipobanwa, ni ngumu mno na utarudi nyuma kwenye kila mpando. Ukisita kati ya mbili, chukua laini zaidi, maana theluji isiyoshindiliwa hujaa ndani ya upinde na mwendo unaopotea si mwingi. Aliyezoea mbio za njia zilizochongwa huona jambo hili gumu kukubali.

Kuhusu kingo za chuma sina mjadala, ni lazima: theluji ikiganda kwenye mteremko wa ubavuni, bila chuma huna mshiko. Chini ya skii, magamba yaliyochongwa kwenye sehemu ya kukamatia badala ya nta yanafaa pale joto linapocheza karibu na nyuzi 0, hali inayowavuruga watumia nta. Kwenye theluji baridi na kavu nta inakamata na kuteleza vizuri kuliko magamba. Vyovyote uchaguavyo, beba ngozi za kupandia, yaani mikanda inayofungwa chini ya skii ili isirudi nyuma kwenye mpando. Za moheri (manyoya ya mbuzi wa Angora) huteleza vizuri, za nailoni hukamata zaidi na kudumu. Skii yenye kinasio cha ngozi fupi inakuokolea uzito, lakini kwa sleji nzito unahitaji ngozi ya urefu mzima.

Kufunga vishikio kunahitaji utulivu tu. Weka skii tupu juu ya ukingo mwembamba wa rula mpaka isawazike, piga alama. Mstari wa pini za 75, au kijiti cha NNN BC, ukae juu ya alama hiyo. Ukikirudisha kishikio nyuma, mguu unaondoka juu ya sehemu ya kukamatia. Soma maandishi juu ya skii: nyingi hutaja kipimo cha drili, kwa kawaida milimita 3.6 kwa kina cha 9, au 4.1 kama kuna bamba la chuma ndani. Zungushia drili utepe kama kizuizi, la sivyo utatokea upande wa pili. Puliza vumbi, tia gundi ya mbao, kaza kwa mkono na bisibisi ya Pozidriv namba 3. Ile ya msalaba wa kawaida huharibu vichwa. Skrubu ikizunguka bure, jaza tundu kwa epoksi na nyuzi za chuma cha kusugulia, iache ikauke, kisha irudishe. Kwenye mkoba nabeba skrubu za ziada, bisibisi hiyo hiyo, na mikanda miwili ya mpira inayoweza kufunga buti kwenye skii kishikio kikivunjika.